Jina Lako Nililivaa Bila Kuomba

Nkamu Ambokile, ndugu yangu,

Sikuulizi hali. Nilikuwa mmoja wa wale sita tulioshika kamba kukushusha kaburini, kwa hiyo hali yako naijua. Hali yangu mimi ndiyo huijui, na nakuandikia kwa sababu sehemu kubwa ya hali hiyo umeisababisha wewe.

Kwanza habari za kawaida. Mvua ya huku unaijua, haina jipya. Kibanda chetu cha kuchora mabango pale Kiwira bado kimesimama. Yule ng'ombe uliyemchora kwenye bucha la barabarani yupo palepale, na wapita njia bado wanauliza kama pale wanauza nyama ya mbwa. Mwenye bucha aliniomba nimrekebishe, nikamwambia yule sasa ni kumbukumbu. Akasema kumbukumbu inamfukuzia wateja.

Sasa habari yenyewe. Mgeni wako amefika.

Usijifanye hujui mgeni gani. Wiki ya tisa baada ya msiba, Mwalimu Zuhura, yule wa Tanga anayefundisha Kiingereza sekondari hapa Tukuyu, alikuja kibandani ameshika simu yake kama mtu aliyebeba yai. "Gwamaka," akasema, "marehemu alikuwa na jambo." Kumbe mwaka jana ulikaa naye, ukamtajia maneno, yeye akayatia Kiingereza, mkaomba msanii wa nchi ya mbali aje afanye kazi na wewe mwezi mzima. Na hukuniambia. Tumekaa kibanda kimoja miaka kumi na tisa, umenisimulia mpaka ndoto zako za meno kung'oka, hili ukalimeza.

Akanisomea fomu. "Mimi ni msanii wa fani nyingi. Nachora, nachonga, nasuka, naimba, na ninatafiti mahali."

Kuchora, sawa, tukimweka ng'ombe pembeni. Kuchonga: ulichonga mpini wa jembe, ukakatika kabla jembe halijafika shambani. Kusuka: labda maneno. Kuimba: kwaya ilikuomba kwa heshima zote ukasaidie kupokea wageni mlangoni. Kutafiti mahali: nilifikiria sana, nikaona lazima ni ile tabia yako ya kukaa juu ya kreti nje ya kibanda ukiangalia nani ameshuka kwenye gari gani na kabeba nini. Kumbe muda wote ulikuwa kazini.

Na mwisho kabisa: "Kwenye herufi huwa nasaidiwa na mwenzangu." Mwenzangu. Herufi zote za barabara hii, kutoka saluni mpaka misalaba ya makaburini, nimeziandika mimi, na wewe hata jina langu hukulitia. Nilimwomba Mwalimu asome tena, labda limejificha. Halikuwepo.

Barua ya kukubaliwa ilifika kwa mwenyekiti wa kijiji chako Nkunga, naye akaitisha mkutano. "Ndugu wananchi, tutampokea msanii wa fani nyingi." Unajua neno hilo huku lina kazi mbili. Ukiambiwa fulani ni msanii, kabla hujauliza anaimba nini unapapasa mfuko. Mzee Asegelile akasimama na fimbo yake. "Hawa wa fani moja tu wametumaliza, sasa mnatuletea wa fani nyingi?"

Siku ya mgeni kufika nilisimama Kiwira kwenye manyunyu pamoja na Mwalimu. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya Kiingereza ya kumwambia kwamba umefariki, maana barua ilitufikia yeye akiwa ameshafunga safari. Mwalimu alinifundisha siku mbili, naijua mpaka leo. Akashuka mwanamke wa makamo, mfupi, uso mpana wenye utani ndani yake, ameshika karatasi yenye jina lako. Akanitazama. "Ambokile?"

Sentensi yote ikakimbia. Likabaki neno moja mdomoni. Nikasema, "Yesi."

Mwalimu Zuhura akanivuta shati. "Mie simo, Gwamaka. Nimekuja hapa kutafsiri, si kufufua."

Nilijiambia nimemhurumia. Kapanda ndege tatu, kalowa, atarudije? Lakini wewe sikudanganyi, hata ningetaka huwezi tena kudanganyika. Nkamu, hakuna mtu aliyewahi kushuka kwenye gari lolote akinitafuta mimi. Yule alikuwa anamtafuta mtu, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale. Ukilitamka neno lile, linakuwa tamu kwa muda kama wa pipi. Halafu linabaki ganda.

Jina lake ni Siku. Nasema kweli. Ni wa watu wanaoitwa Inuit, kaskazini kabisa ya Kanada, ambako bahari inaganda mpaka watu wanapita juu yake, na kwa lugha yao barafu hiyo ya bahari ndiyo siku. Mwenyekiti alipomkaribisha alisema, "Leo ni siku ya Siku," akajipigia makofi mwenyewe. Akina mama wakauliza, "Siku gani?" Mwalimu akajibu, Siku tu. "Yaani si Jumatatu wala Jumanne?"

Tulimuuliza kama nyumba yake ni ya barafu. Akasema ni ya mbao, ina kochi, televisheni na paka mnene. Naye akaniuliza nimefuga simba wangapi. Tukawa tumelipana. Nikamuuliza Inuit maana yake nini, akasema ni "watu" tu. Nikamwambia na sisi tukijitaja kwa Kinyakyusa ni abandu, watu vilevile. Akacheka, akasema hakuna kabila duniani lililoanza kwa unyenyekevu.

Na baridi, nkamu! Wote tulingoja kuona mtu wa barafu akitembea Tukuyu kifua wazi. Siku ya tatu alikuwa amevaa masweta mawili na kitenge cha Mwalimu juu yake, anatetemeka. Alisema baridi ya kwao ni kavu, na ndani ya nyumba kuna joto. Ya kwetu ina maji, inaingia ndani, inakaa kitako na kungoja chai. Mji mzima ulitembea kwa maringo wiki ile. Tukuyu imemshinda mtu wa barafu.

Kazi yake sasa. Anachora, anachapa michoro kwenye karatasi, anapiga video, anaimba kwa koo, na anashona ngozi ya sili, mnyama wa baharini mwenye masharubu kama ya mwenyekiti. Huyu ndiye wa fani nyingi kweli, na wala hakulisema neno hilo hata mara moja. Katika yote hayo anatafuta kitu kimoja: mtu ni nani, na mahali alipotoka pamemfinyanga vipi. Alikuwa na kitambaa kirefu, na kila mtu alimwambia, "Nichoree njia ya kwenda kwenu." Unachora kwa chaki, yeye anapita juu yake na uzi. Mama muuza maparachichi alichora njia yake pamoja na mbwa wote wa njiani, kila mmoja na sifa zake.

Zamu yangu ikafika. Mimi si ni Ambokile? Ikabidi nichore njia ya kwako Nkunga. Niliichora vizuri mno, mpaka lile jiwe ulilokuwa ukikalia kupumzika wakati hujachoka. Siku akaiangalia. "Pazuri. Twende."

Nkamu, mkeo nilikuwa sijamwambia.

Mama Tusa alitupokea uani kwa heshima zote, akaleta viti, akaleta ndizi za kuchemsha na chai. Siku akazungumza Kiingereza kwa furaha, na kila baada ya maneno manne likatoka jina lako huku kidole kikinielekea mimi. Mama Tusa akaweka birika chini.

"Gwe Gwamaka. Huyu mgeni anakuita nani?"

Nikakohoa. Mwalimu Zuhura akaanza kuusifia mgomba. Na jirani aliyekuwa anachuma majani ya maboga ng'ambo ya ua, akaacha kuchuma.

Tumekulia huku wote wawili. Unajua mtu akichukua jina la marehemu amechukua na kiti chake, na wazee wetu walichukua na mke. Makanisa yamekemea, watu wamebatizwa, ila midomo ndiyo haijabatizwa bado. Kabla hatujarudi Kiwira, habari zilikuwa zimetangulia: Gwamaka amemrithi mjane wa Ambokile, tena mbele ya mzungu. Siku si mzungu, lakini habari ikikimbia haisimami kufuta viatu.

Nilipofika nyumbani Subilaga wangu alikuwa amefunika chungu na kukalia kifuniko.

"Nenda ukale kwako," akaniambia.

"Kwangu si hapa?"

"Hapa ni kwa Gwamaka. Wewe si Ambokile? Jina umeshavaa, bado suruali."

Ningeendelea kukuchekesha na mambo ya Subilaga, ana mengine makali kuliko hayo. Lakini Jumapili ile Mama Tusa aliingia kanisani akakaa benchi la tatu kama kawaida yake, na benchi likatanuka. Wanawake walisogea mmoja mmoja, kimya, mpaka akabaki na nafasi ya kulaza mkungu wa ndizi kila upande. Hakugeuka. Aliimba nyimbo zote akiangalia mbele. Jumapili iliyofuata hakuja.

Hapo kicheko kiliniishia. Mwanamke yule amekuvumilia wewe maisha yake yote bila doa, halafu doa namletea mimi, niliyekubeba. Kwa neno moja la Kiingereza.

Jumatatu nilimwomba Mwalimu tumpeleke Siku Nkunga tena. Sikuwapeleka uani. Niliwapeleka moja kwa moja migombani, penye kaburi lako. Msalaba niliuandika mimi mwenyewe, unajua, na herufi ya B imeinama kidogo kwa sababu siku ile mkono haukuwa wangu. Siku akasoma jina. Akaniangalia. Akasoma tena. Mama Tusa alikuwa ametuona, akaja akasimama nyuma yetu na jembe lake.

Nikasema yote. Sentensi ile ya Kiingereza ikarudi yenyewe, imechelewa wiki mbili na nusu. Nyingine nilisema kwa Kiswahili, Mwalimu akatafsiri, na naamini alitafsiri kwa uaminifu kwa sababu sura yangu haikutoka vizuri.

Nilingoja anitukane. Nilijua nimestahili, hata nilikuwa nimechagua pa kuangalia. Siku akauliza swali moja tu: "Nani alikupa jina hilo?"

Sikuelewa. Akaeleza, taratibu, Mwalimu akifuata nyuma. Kwao jina la marehemu haliachwi chini. Hupewa mtoto anayezaliwa, na mtoto huyo watu humwita kama walivyomwita yule aliyekufa. Yeye mwenyewe alipewa jina la kaka wa bibi yake, na bibi yule, mpaka anakufa, alimwita "kaka yangu" na kumwuliza kwa nini hajaenda kuvua. Kwa hiyo kuvaa jina la marehemu kwake si ajabu. "Lakini jina hupewa," akasema. "Mtu hajichotei mwenyewe kama maji ya bombani. Nani alikupa?"

"Hakuna," nikasema.

Mama Tusa alikuwa amesikiliza yote ameegemea mpini. "Mwalimu, hebu muulize. Kwao huyo anayepewa jina, na ahadi za marehemu anapewa?"

Siku akasema ndiyo, kwa namna fulani, watu humkumbusha.

"Basi mwambie Ambokile aliniahidi choo. Huu mwaka wa tatu. Shimo linafika magotini, na kuku wanataga humo."

Nikadakia mbiombio, "Shemeji, nitachimba."

Akanitazama. Unajua jicho lake lile, ambalo wewe ukiliona ulikuwa unakumbuka una safari. "Utachimba kama nani?"

Nkamu, nimeandika majina ya watu wa wilaya hii nzima, hai na wafu. Langu lilinichukua muda kulipata.

"Kama Gwamaka."

"Haya. Chimba. Na Jumapili ukaseme kanisani, wasikie wote."

Nilisema. Walipofika kwenye matangazo, baada ya tangazo la kikao cha wazazi, nikasimama. Nikasema mimi ni Gwamaka, nilimdanganya mgeni kwamba mimi ni Ambokile, jina hilo ni la Ambokile peke yake, na shemeji yangu Mama Tusa hakujua chochote wala hana kosa lolote. Mzee Asegelile akapaza sauti kutoka nyuma, "Kaa chini, tumekutambua! Ambokile asingekiri!" Kanisa likacheka, mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Samahani, lakini nilicheka na mimi. Mama Tusa alikuwa amerudi benchi la tatu. Mwanamke mmoja alimsogelea inchi moja. Inchi moja tu. Hawa watu hawakimbilii toba.

Nikaanza kuchimba. Udongo wa kwenu ni laini, nkamu, mweusi, hauna jiwe hata moja. Nilipouona niliona pia kwamba miaka mitatu hukuwa na kisingizio. Siku alivuta ndoo kwa kamba na kufurahi kama mtoto. Kwao ardhi imeganda, kuchimba shimo hivihivi kwa sululu ni hadithi. Alikuwa anaushika udongo, anaunusa. Mama Tusa akaniuliza kwa sauti ya chini kama mgeni ana mimba.

Siku ya tatu nilipokuwa nimezama mpaka juu ya kichwa, akaja Subilaga. Hakuja kunisaidia. Alikuja, kwa maneno yake, "kuhakikisha anachimba kwenda chini, si kwenda pembeni kuelekea jikoni kwa mtu." Nikasikia kiti kinawekwa. Salamu sikusikia. Mke wangu na mke wako, hatua tatu kati yao, na mimi chini naona kipande cha anga chenye ukubwa wa ungo.

Siku, nadhani, aliona. Akawaomba wasimame, awafundishe uimbaji wa kwao. Wanawake wawili wanatazamana uso kwa uso, wanashikana mikono kwenye viwiko, wanaimba kwa pumzi na koo, huyu akitoa sauti, yule anaijibu humohumo, kwa kasi. Hakuna mshindi wa sauti nzuri. Anayecheka kwanza ndiye ameshindwa.

Mimi sikuona. Nilisikia. Kwanza Mwalimu Zuhura akitafsiri, "Pumua kama mbwa aliyekimbia. Sasa nguruma." Kisha Subilaga: "Mimi ningurume mbele ya huyu?" Kisha Mama Tusa, polepole: "Mimi sicheki, jihadhari. Nimeishi na Ambokile. Kutocheka ndiyo kazi niliyosomea." Kisha sauti zikaanza. Hm-ha, hm-ha, moja nzito, moja nyembamba, zikapandana, zikakosana, zikapandana tena. Kuku wakanyamaza. Na mimi nimesimama chini ya ardhi kama wewe, hatua ishirini kutoka kwako, wote wawili tunasikiliza.

Sijui nani alianza. Nilisikia kitu kama birika linalochemka, halafu zikapasuka zote mbili pamoja. Walicheka, nkamu. Walicheka mpaka nikasikia mmoja kaketi chini. Mke wako hakuwa amecheka tangu tukuzike. Nilishika sululu, nikalia humo shimoni kimyakimya, kwa sababu mtu akilia ndani ya choo watu watauliza maswali.

"Gwamaka!" Subilaga akaita kutoka juu. "Umekufa huko?"

"Bado!"

"Basi chimba! Chakula kipo nyumbani!"

Kimekamilika. Futi kumi na mbili. Mama Tusa alishusha kamba kupima, neno langu halikumtosha. Nimejenga kuta za matofali, nimeezeka bati, nimeweka mlango wa mbao. Akaniambia niandike CHOO, na nisiongeze madoido. Niliandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nyekundu zenye kivuli cheusi. Nikamaliza, nikarudi nyuma kutazama, nikaona bado kuna kazi. Kwenye kona ya chini, kwa brashi ndogo, nikaandika: Gwamaka. Miaka kumi na tisa ya kazi, na kitu cha kwanza chenye jina langu ni mlango wa choo chako.

Siku akaupiga picha kabla hajaondoka. Nilidhani ni utani. Juzi Mwalimu amenionyesha kwenye simu: kule kwao wamefanya maonyesho, kitambaa cha njia zetu kimetandazwa ukuta mzima. Njia yako imo, nami nilichora yangu pia, inaanzia kibandani na kuishia kwa Subilaga, fupi kama ilivyo. Pembeni imetundikwa picha kubwa ya mlango ule, na chini yake jina la msanii na jina la wilaya yetu, Rungwe. Watu wazima waliovaa makoti wanasimama mbele ya choo chako, mikono nyuma, wanatafakari.

Nimemuuliza Mwalimu wanasema nini. Anasema mmoja ameuliza kama Gwamaka huyo ana kazi nyingine.

Basi nikuache upumzike. Nimekusamehe lile la fomu, kwa sababu bila uongo wako nisingepata nafasi ya kusema wangu na kuutubu. Ahadi yangu ni hii: jina lako nitalitaja kila nitakapochanganya rangi, lakini mtu akiniita kwa jina hilo sitaitika. Na binti yako Tusa, ambaye yuko mwezi wa saba, akijifungua mtoto wa kiume na Mama Tusa akaamua kumpa jina lako, nitakwenda Nkunga na sweta la mtoto mkononi, nitamwita nkamu akiwa bado hana jino, na nitamwambia asiahidi kitu.

Ndaga fijo, asante sana. Lala.

Gwamaka